Mkwe Nyuma ya Pikapu

Sehemu ya tisa

"Vumilia, mama. Zimebaki kilomita sabini t..."

Hapo ndipo tulipowaacha Jumamosi iliyopita. Na hapo ndipo Verona alipolimeza neno lake, kwa sababu injini ilikata.

Haikukohoa. Haikutikisika. Haikutoa hata moshi wa kuagia. Ilizima ghafla kama redio iliyochomolewa ukutani, na pikapu ikabaki inateleza yenyewe juu ya udongo mwekundu, matairi yakisaga kokoto, mpaka ikasimama katikati ya barabara.

Saa sita na nusu mchana, jangwa la Tanami, Australia. Mbele nyasi za miiba, nyuma nyasi za miiba, na jua juu limekaza macho.

Verona alizungusha ufunguo. Starta ilipiga vizuri kabisa. Injini haikushika.

Akazungusha tena. Haikushika.

"Umefanya nini?" Sauti ilitoka nje. Ilikuwa ya mumewe, Cedric, ambaye alikuwa amesharuka kutoka nyuma ya pikapu na sasa amesimama ubavuni mwa gari, uso ameuelekeza walikotoka.

"Nimefanya nini mimi? Nilikuwa naendesha!"

"Umekanyaga nini?"

"Nimekanyaga mafuta, Jangala! Ulitaka nikanyage nini, nyoka?"

Jangala ni jina la ukoo wa Cedric, na kwao ndilo watu humwitia, hasa wakiwa wamekasirika.

Wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sogea nikupashe upesi, maana hatuna muda na wao pia hawana.

Mama yake Verona anaitwa Dulcie. Figo zake zote mbili zimekufa. Mara tatu kwa wiki huunganishwa kwenye mashine mjini Alice Springs, imsafishe damu, arudi kuishi siku mbili nyingine. Alikuja kwao kumlilia ndugu yake, yule marehemu ambaye kwa mila yao jina lake sasa halitamkwi na mtu. Alipanga kulala siku mbili. Mvua ikashuka. Barabara ikafungwa, kiwanja cha ndege kikageuka tope, na leo ni siku ya saba Dulcie hajaiona mashine. Maji yanajaa mwilini mwake. Miguu imevimba hadi viatu vimekataa. Akilala chali anakosa pumzi, kwa hiyo tangu juzi analala ameketi.

Asubuhi nesi wa kijijini alimvuta Verona pembeni. "Ndege haiwezi kutua. Nimeongea na watu wa ambulensi, watakuja hadi inapoishia lami, saa tisa. Mfikishe hapo. Mimi sina tena la kumfanyia."

Fundi wa familia ni Cedric. Amewahi kuziba tangi kwa kipande cha sabuni na kujaza tairi nyasi hadi likafika nyumbani. Lakini Cedric ni mkwe, na kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawazungumzi, hawakai kwenye kivuli kimoja. Si chuki. Ni heshima, na hakuna heshima inayoizidi. Ndiyo maana Dulcie alikuwa ndani, amejifunika blanketi kichwani, na Cedric alikuwa nyuma pamoja na mbwa wao Dusty, amegeuza mgongo, na kwenye kioo cha nyuma walikuwa wametundika shuka la maua.

Sasa unajua. Turudi.

"Fungua boneti," Cedric alisema.

Verona alivuta kamba. Cedric alizunguka kwa mbele akiwa ameinamisha kichwa, akanyanyua boneti, na boneti lilipokaa wima likawa ukuta kati yake na kioo. Hapo angalau aliweza kuinua macho.

"Dizeli ipo?"

"Robo tatu."

"Tulipita kwenye dimbwi lile. Huenda maji yameingia." Alifungua skrubu ya chini ya filta, akakinga kwa kiganja, akanusa. Dizeli safi. Hakuna maji.

"Basi ni upepo. Imevuta upepo." Alianza kupampu kwa mkono juu ya filta, paka-paka-paka, hadi dizeli ikachuruzika bila povu. "Piga!"

Verona alipiga starta. Hakuna kitu.

"Piga tena! Usiachie!"

Hakuna kitu.

"Piga!"

Safari hii starta ilianza kwa nguvu, halafu sauti ikashuka, ikawa nzito, ikajivuta kama mtu anayepanda ngazi na gunia.

"Basi! Basi, acha! Utaiua betri!"

"Wewe si ndiye unayesema piga!"

"Nimesema piga, sijasema ua!"

Ndani ya gari Dulcie alikohoa. Kikohozi kilikuwa cha majimaji, kirefu, na kilipoisha alitoa kitambaa mdomoni. Verona alikitazama. Kulikuwa na povu, na povu lile lilikuwa na wekundu kidogo.

Alishuka taratibu, akafunga mlango bila kuupiga, akaenda mbele kwa mumewe.

"Anatoa povu," alinong'ona.

"Rangi gani?"

"Usiniulize rangi. Tengeneza gari."

Cedric alifuta jasho kwa mkono wenye dizeli. "Nimeangalia dizeli, nimetoa upepo, mkanda upo, hakuna kilichovunjika. Injini ni nzima, Verona. Haina ugonjwa wowote. Imekataa tu."

"Imekataa tu! Basi ibembeleze!"

Hapo ndipo Verona alipoliona vumbi.

Lilikuwa mbali mbele, kule ambako njia yao hiyo inaungana na barabara kuu. Vumbi jekundu, limesimama wima, linasogea kutoka kushoto kwenda kulia.

"Gari! Cedric, gari!"

"Barabara imefungwa. Nani atakuwa..."

"Watu wa serikali! Wakaguzi wa barabara! Kilomita mbili hazifiki." Alikuwa tayari amelivuta dumu la maji, amekunywa mafunda mawili. "Nakimbia."

"Nikimbie mimi. Mimi ni mrefu."

"Na gari atatengeneza nani? Mimi?"

"Sasa unaniacha na nani?" Cedric alishusha sauti. "Verona. Unaniacha hapa na nani?"

Walitazamana. Ndani ya gari, chini ya blanketi, pumzi za Dulcie zilisikika kama mtu anayenyonya maji ya mwisho kwenye mrija.

"Geuza mgongo, fanya kazi," Verona alisema. "Dusty yupo naye."

"Dusty ni mbwa!"

Lakini Verona alishaondoka. Alikimbia huku sketi ameishika mkononi, na ndala zake zikipiga udongo, na baada ya muda Cedric hakusikia tena zile ndala.

Akabaki peke yake. Yaani, hakubaki peke yake, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu.

Mwanamume huyu amewahi kukabili moto wa nyika na fahali aliyekata kamba. Sasa alikuwa anajificha nyuma ya boneti kwa sababu ya mama mmoja mgonjwa wa miaka sitini na miwili. Kila aliposikia pumzi ile ikikwama, moyo wake ulikwama nayo. Kama angezimia je? Nani angemfungulia mlango? Nani angemshika kichwa?

Alifungua filta tena, ingawa alijua haina kosa. Mikono ilitaka kazi.

Ndipo sauti ikatoka ndani ya gari.

"Dusty."

Mbwa, aliyekuwa amelala kwenye kivuli cha mlango, aliinua sikio.

"Dusty, nisikilize. Kuna mtu hapo mbele... anahangaika na dizeli." Akavuta pumzi. "Mwambie dizeli haina kosa."

Cedric aliganda, spana mkononi.

Katika miaka kumi na moja ya ndoa, hiyo ilikuwa mara ya kwanza sauti ya mama mkwe kutoka kwa makusudi ya kumfikia yeye. Masikio yalimwaka. Alitaka kukimbia. Alitaka pia kujua.

"Gari hili nalijua," Dulcie aliendelea, akikata maneno kila alipoishiwa pumzi. "Kabla halijawa lao. Lilikuwa la ranchi. Miaka kumi na tisa nilipika pale... nikiwapelekea chai huko mazizini... nikikaa humu humu. Lilikuwa linamzimikia bosi hivi hivi, Dusty. Bila kukohoa."

Cedric alikuwa ameacha kupumua ili asikie.

"Anashuka. Anatukana. Anafungua boneti. Kwenye pampu ya dizeli... kwa nyuma... kuna kikopo kidogo. Kama kidole gumba. Kina waya mmoja. Ukiwasha swichi kinalia tik. Kisipolia... injini hainyweshwi."

Cedric aliinama. Aliingiza mkono kati ya mabomba ya moto, akaungua, akautoa, akauingiza tena. Kwenye pampu, kwa nyuma, chini ya tope kavu, kulikuwa na kikopo. Kama kidole gumba. Kina waya mmoja.

Sasa alihitaji mtu wa kuwasha swichi, na mtu alikuwa mmoja tu.

Alikohoa. Alimtazama mbwa.

"Dusty," alisema, na sauti yake ikatoka kama ya mvulana. "Dusty, hebu... kama kuna mtu karibu na ufunguo... mwambie auzungushe kidogo. Asipige starta. Kidogo tu."

Alisikia blanketi likisogea. Alisikia ufunguo. Akasubiri tik.

Hakuna tik.

"Dusty, mwambie aurudishe, auzungushe tena."

Hakuna tik.

Cedric aliushika ule waya, akauvuta polepole. Plastiki ya nje ilikuwa nzima kabisa, lakini waya ulivutika kama ubani uliotafunwa. Shaba ya ndani ilikuwa imekatika. Miaka yote ya barabara za makorongo ilikuwa imeutikisa, hadi leo, mchana huu, kilomita sabini kabla ya lami, ukaachia.

"Dusty!" alipiga kelele, akasahau aibu. "Waya umekatika ndani! Mwambie bosi wake alikuwa sahihi!"

"Mwambie hakuwa bosi wangu," sauti ilijibu kutoka ndani. "Alikuwa anakula ninachopika. Basi mimi ndiye bosi."

Cedric alicheka. Akajikuta anacheka na huku machozi yanamlenga.

Alipanda nyuma ya pikapu, macho chini, akang'oa waya wa taa ya kurudi nyuma, mita mbili na nusu. Aliumenya kwa meno. Ncha moja akaifunga kwenye kikopo, nyingine akaibana kwenye betri.

Tik.

Kilikuwa kisauti kidogo, mdudu hutoa kikubwa zaidi. Lakini alikisikia hadi kwenye visigino.

"Umesikia, Dusty?"

"Amesikia. Na mimi nimesikia."

"Mwambie apige starta!"

Starta ilisema ngwe. Ikasema ngwe tena, kwa shida. Halafu ikasema tk-tk-tk-tk, ikanyamaza.

Betri ilikuwa imekwisha.

Cedric aliegemeza paji la uso kwenye bati la moto, wala hakulisikia linavyochoma. Dawa wameipata na mgonjwa kashindwa kumeza. Aliangalia barabara. Verona haonekani. Vumbi nalo halionekani tena. Mbele ya gari palikuwa na tambarare, labda hatua thelathini, halafu barabara ikaanza kuteremka.

Hatua thelathini. Mchanga. Mtu mmoja.

Na kwenye usukani?

"Dusty," alisema kwa sauti ndogo, "gari hili likisukumwa lifike kwenye mteremko, litawaka. Lakini lazima mtu awe kwenye usukani. Gia ya pili, klachi chini, likishika kasi aachie klachi ghafla. Mimi... Dusty, mimi sijui nimwombe nani."

Cedric aliona kivuli cha wingu kikipita juu ya nyasi, kikaenda zake.

"Mwambie," Dulcie alisema hatimaye, "anipe muda nihame kiti. Na asitazame, maana nitalivua blanketi. Siwezi kuendesha... kama mzigo uliofungwa."

Kuhama kiti, kile cha kushoto kwenda cha kulia, kulimchukua dakika sita. Cedric alikuwa ameshafunga boneti, macho chini, na sasa amechutama nyuma ya gari, anasikia kila kitu. Mguu mmoja ukiburutwa. Kupumzika. Mguu wa pili. Kikohozi. Kupumzika kurefu, hadi akadhani basi. Halafu mlio wa kanyagio la klachi likienda chini.

Honi ililia mara moja, dhaifu. Tayari.

Hakusukuma kwa mikono, maana uso wake ungeelekea kwa mama mkwe. Aligeuka, akaegemeza mgongo kwenye bodi, akachimbia visigino mchangani, akasukuma kinyumenyume.

Pikapu haikusogea.

Alichimbua mchanga mbele ya magurudumu kwa mikono. Macho chini, aliling'oa shuka la maua kwenye kioo, akalichana vipande viwili, akatandika chini ya matairi. Mgongo kwenye bodi tena. Alisukuma hadi akaona nyota mchana.

Ikasogea. Nusu hatua. Hatua. Hatua mbili.

"Twende mama wee twende!" alipiga kelele, wala hakujua anamwambia gari au nani.

Hatua kumi. Misuli ya mapaja ilikuwa inamwaka. Hatua ishirini, magurudumu yakapata udongo mgumu. Ghafla uzito ulimtoka mgongoni, bodi ikamkimbia, na Cedric akaanguka chali katikati ya barabara.

Alilala pale pale na kusikiliza, kwa sababu hakuruhusiwa kutazama.

Matairi yanakwenda. Yanakwenda zaidi. Mshtuko, kwaruzo, kimya. Ameachia mapema! Matairi yanakwenda tena. Mshtuko wa pili, na halafu...

Injini ilinguruma.

Ilinguruma kama simba aliyekanyagwa mkia. Moshi mweusi ulipanda, Dusty akabweka kama mwendawazimu, na Cedric akapiga ngumi mbili ardhini.

Lakini gari halikusimama.

Aliinuka. Mlio ulikuwa unakwenda mbali. Mita mia. Mita mia na hamsini. Alianza kukimbia, macho ameyatupa chini kwenye alama za matairi. "Breki! Dusty, mwambie breki!" Dusty alikuwa pembeni yake anakimbia naye, hana wa kumwambia.

Alama za matairi zilianza kuyumba. Kushoto. Kulia. Zikaingia kwenye nyasi, zikatoka. Amezimia, Cedric alijiambia. Amezimia na mguu uko kwenye mafuta.

Halafu alama zikanyooka, na mbele mlio ukashuka, ukatulia. Pikapu ilikuwa imesimama kwenye kitako cha mteremko, inanguruma mahali pamoja. Dulcie alikuwa na klachi chini, breki chini, na miguu yote miwili iliyovimba inatetemeka juu ya vyuma.

"Dusty," alisema, "muulize huyo... anapanda au hapandi?"

Cedric alimrusha mbwa nyuma, akapanda, akaketi kutazama walikotoka. Hakukuwa na shuka tena la kuwatenga. Alipiga bodi mara mbili kwa kiganja.

Na mama yule, aliyekosa pumzi ya kumaliza sentensi moja, aliendesha kilomita mbili kwa gia ya pili.

Walimkuta Verona ameketi njia panda, ndala moja imekatika, kisigino kinatoka damu. Hakukuwa na gari lolote. Vumbi alilolikimbilia lilikuwa upepo wa kimbunga kidogo, ule unaozunguka peke yake jangwani na kupotea.

Aliinua uso, akaiona pikapu, akamwona anayeiendesha.

"Mama?"

"Ingia," Dulcie alisema. "Nimechoka."

"Nani amekuambia uendeshe?"

"Mbwa."

Verona alimtazama Dusty. Akautazama mgongo wa mumewe. Alimsogeza mama yake, akamrudishia blanketi, akashika usukani.

Kilomita sitini na nane zilizofuata nitazipitisha haraka, kama wao walivyozipitisha. Verona alikanyaga mafuta hadi mguu ukafa ganzi. Hakuthubutu kuzima, hakuthubutu kupunguza. Kila korongo lilipoitikisa pikapu, Cedric huko nyuma alifumba macho na kuufikiria ule waya alioumenya kwa meno. Saa nane na nusu. Saa tisa kasorobo. Kichwa cha Dulcie kiliangukia bega la bintiye na kubaki pale.

"Mama, nizungumzishe."

"Mm."

"Niambie ulikuwa unapika nini ranchi."

"Nyama," Dulcie alisema kwa mbali. "Kila siku... nyama. Wale watu... hawajui kula kitu kingine."

Walipanda kilima cha mwisho saa tisa kamili.

Ambulensi ilikuwa pale. Nyeupe, taa zinazunguka, na mbele yake lami nyeusi inang'aa kama maji.

Lakini kabla ya lami kulikuwa na maji kweli.

Asubuhi kijito kile kilikuwa mchanga mtupu, kila mtu alisema hivyo. Mvua ya kaskazini ilikuwa imesafiri siku nne kukifikia, na leo imefika. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, mapana kama uwanja wa mpira, yakikokota matawi na nyasi kwa kasi.

Verona alisimamisha pikapu ukingoni, injini ikinguruma. Ng'ambo, nesi wa ambulensi mwenye fulana ya kijani aliingia majini, akafika magotini, akafika kiunoni, akayumba, mwenzake akamvuta kwa mkanda.

"Nimeita helikopta!" nesi alipiga kelele. "Itachukua saa tatu kufika!"

"Hana saa tatu!" Verona alijibu, na sauti ikampasuka. "Anatoa povu! Hana saa tatu!"

Aliingiza gia. "Napita nayo."

"Hupiti!" Cedric alikuwa ameshuka, mgongo ameupa gari. "Maji yatafika kwenye waya, injini itakata katikati, mkondo uwapindue. Usiingize gari hapo, Verona."

Verona alimshusha mama yake. Ni mwembamba, Verona, ukimwona ungesema mwanafunzi. Alichuchumaa, akamvuta Dulcie mgongoni, akaingia majini. Hatua ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya tatu magoti yalikunjika, wote wawili wakaketi kwenye maji ya kina kifupi, na Verona akaanza kulia waziwazi huku anamkokota mama yake kurudi mchangani.

Cedric alisikia yote hayo. Alikuwa amesimama hatua kumi mbali nao, mrefu, mabega mapana, ngumi amezifumba, anatazama upande ambao hakukuwa na kitu. Alijua angeweza. Alijua pia kwamba si lake kulisema. Na mkewe hakuweza kumwomba, maana yapo maneno ambayo hata mke hana ruhusa nayo.

Maji yalikula kipande cha ukingo. Kilianguka, blup, kikaenda.

Dulcie alilitazama lile blanketi lililolowa kwenye mabega yake. Alilivua. Alilikunja, vizuri, kama mtu anayeondoka nyumbani kwa watu, akamkabidhi binti yake.

"Jangala," alisema.

Hapakuwa na mbwa kati yao. Hapakuwa na boneti, wala shuka. Verona aliacha kulia.

"Jangala, inama."

Cedric alirudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, hadi visigino vyake vikagusa magoti ya mama mkwe. Akainama. Mikono miwili baridi, iliyovimba, ikamzunguka shingo. Uzito ukakaa mgongoni. Alikuwa mzito, mzito kwa maji ya siku saba, na moyo wake ulikuwa unapiga kwenye uti wa mgongo wa Cedric kama kitu kinachotaka kufunguliwa mlango.

Aliingia.

Maji magotini. Maji mapajani. Mchanga ulikuwa unakimbia chini ya nyayo, kila hatua lazima aitafute mahali pake. Maji kiunoni. Tawi lilimgonga mbavu, akayumba, akasimama. "Njoo! Njoo hivyo hivyo!" nesi aliita, mikono ameinyoosha. Nyuma, Verona aliita jina lake, mara mbili.

Maji kifuani. Hatua ishirini zimebaki. Pumzi ya Dulcie ilikuwa sikioni mwake, ndogo, ya moto, inakuja na kwenda, na Cedric alikuwa anatembea kwa kuifuata hiyo. Inakuja, hatua. Inakwenda, hatua.

Inakuja, hatua.

Halafu haikuja.

"Mama," Cedric alisema. "Mama, nishike."

Mikono iliyomzunguka shingo ikalegea, mmoja kwanza, halafu wa pili, na uzito wote wa Dulcie ukaanza kuteleza upande wa mkondo.